Ofa ya kuchapisha kitabu ikikufikia Sherikat: ni wakati gani wa kumtafuta wakala?

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Mhariri wa kampuni ya uchapishaji iliyoko London, New York au Nairobi anaandika kwamba ameusoma mswada, ameupenda, na angependa kujua kama haki zake bado ziko huru. Kwa mtu aliyekaa miaka mitano akiandika usiku kwa mwanga wa taa ya sola pale Sherikat, mashariki mwa Mto Nile jijini Juba, jibu linalomjia mdomoni ni moja tu: nakubali.

Jibu hilo ndilo la kuwekwa kiporo. Kati ya siku mchapishaji anapoonyesha nia na siku mwandishi anapotamka ndiyo kuna mwanya mfupi, mara nyingi wa wiki mbili au tatu, ambamo wakala wa fasihi husikiliza kwa makini kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo anapokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusaidia. Kabla ya mwanya huo, mwandishi asiyejulikana ni mmoja tu kati ya wengi wanaobisha mlango uleule. Baada yake, mengi yaliyostahili kujadiliwa yameshatolewa bure.

Swali hili si la watu wa mbali. Sherikat na jirani yake Gumbo zimekaa kando ya barabara itokayo Nimule, kilomita 192 za lami zilizozinduliwa mwaka 2012, na Kiswahili husikika humo kutwa: kwa madereva wa malori, kwa wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya, na kwa raia wa Sudan Kusini waliorejea nyumbani baada ya kusomea katika shule za Kenya, baadhi yao wakiwa wamekulia katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992. Katika kundi hilo la mwisho wamo watu wenye mambo mazito ya kusimulia, na lugha mbili au tatu za kuyasimulia. Wachapishaji wa nje wameshaonyesha kwamba wanayataka. Kitabu cha “They Poured Fire on Us from the Sky”, ambacho vijana watatu waliokimbia vita vya Sudan walikiandika pamoja na Judy Bernstein, kilitoka Marekani mwaka 2005. Mkusanyiko wa hadithi uitwao “There Is a Country” ulitolewa na McSweeney’s mwaka 2013, miaka miwili baada ya uhuru. Hamu ya kununua ipo. Kinachobaki ni masharti ya kuuza, na hapo ndipo waandishi wengi wa mara ya kwanza huumia.

Mtu wa forodhani

Anayeijua kazi ya wakala wa forodha pale Nimule ameshaielewa nusu ya kazi ya wakala wa fasihi. Lori likifika mpakani, mwenye mzigo haendi dirishani kubishana mwenyewe juu ya ushuru. Humtuma mtu anayezijua fomu, anayewajua maofisa, na anayejua ni jambo lipi hujadiliwa na lipi halijadiliwi. Mtu huyo hulipwa na mwenye mzigo na humtumikia mwenye mzigo. Tena huitwa kabla lori halijaingia langoni. Karatasi zikishatiwa sahihi visivyo, hata aliye hodari hawezi kuzirudisha nyuma.

Wakala wa fasihi naye ni vivyo hivyo. Huusoma mswada, huupeleka kwa wahariri anaowafahamu, hujadili bei na masharti, hukagua mkataba, hukusanya fedha, na hufuatilia hesabu za mauzo kwa miaka. Si dalali wa kula huku na huku: mteja wake ni mwandishi peke yake. Malipo yake ni kamisheni, kwa kawaida 15% ya kile anachopata mwandishi katika soko la nyumbani la wakala huyo, na 20% kwa mauzo ya tafsiri na ya nchi za nje, ambako mara nyingi hugawana na wakala mwenzake. Kitabu kisipopata mnunuzi, hapati kitu. Kazi hii ina umri wa karne moja na nusu hivi. A. P. Watt, Mskoti aliyekuwa London, hutajwa kuwa wa kwanza kuifanya kwa utaratibu tunaoujua leo, na yeye alitoza 10%.

Katika Afrika Mashariki kazi hiyo haijaota mizizi. Wachapishaji wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huipokea miswada moja kwa moja kutoka kwa waandishi, na sehemu kubwa ya biashara yao hutegemea vitabu vya shule. Kwa hiyo mwandishi wa Sherikat anayemtafuta wakala, kwa hakika anamtafuta mtu wa Ulaya au Marekani, ambaye kwa kawaida hawezi kusoma Kiswahili. Hili tutalirudia baadaye, maana linabadilisha jibu lote kwa anayeandika kwa Kiswahili.

Achebe alikataa, Ngũgĩ akakabidhi

Visa viwili vya kale bado vinafundisha. Chinua Achebe alipokwenda London mwaka 1956 kwa mafunzo ya utangazaji katika BBC, alikuwa na mswada wa riwaya yake ya kwanza. Gilbert Phelps, mwandishi wa riwaya aliyekuwa mmoja wa wakufunzi wake, aliusoma akaupenda, akaomba auonyeshe kwa wachapishaji wake mwenyewe. Achebe hakukubali. Alisema kazi bado haijakamilika. Alirudi Nigeria, akaikata riwaya hiyo iliyokuwa na sehemu tatu akabakiza ile ya kwanza, akaiandika upya, kisha akaipeleka kwa wakala wa London ambaye Phelps alimpendekeza. Baadhi ya wachapishaji waliikataa papo hapo wakidai kwamba hadithi za Waafrika hazina soko. Heinemann ikaichukua, na “Things Fall Apart” ikatoka mwezi Juni 1958.

Mwezi kama huo mwaka 1962, katika mkutano wa waandishi uliofanyika Chuo Kikuu cha Makerere, mwanafunzi aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi alimkabidhi Achebe mswada wake. Kupitia njia hiyo Heinemann ilichapisha “Weep Not, Child” mwaka 1964. Hapakuwa na wakala mlangoni. Palikuwa na mtu mwenye jina, aliyeaminiwa na mchapishaji, aliyekuwa tayari kusoma.

Tofauti ya visa hivi si kwamba mmoja alikuwa mwerevu kuliko mwenzake. Ngũgĩ alikuwa na mkono wa kumfikisha. Achebe naye alipewa mkono huo mapema mno akasubiri, na aliporudi sokoni alirudi na mswada uliokamilika pamoja na mtu wa kuupeleka. Ikumbukwe kwamba kusubiri kwake kulikuwa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya maringo. Wakala hawezi kuuza riwaya ambayo haijaisha, hata kama mhariri fulani ameisifia sura ya kwanza. Kumbukumbu za maisha na vitabu vingine visivyo vya kubuni ni jambo jingine: hivyo huweza kuuzwa kwa pendekezo lenye muhtasari na sura chache za mfano.

Nia si ofa, na ofa si mkataba

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo tuende taratibu.

Mhariri anapoandika “nimevutiwa”, bado hajatoa ofa. Katika kampuni nyingi kubwa, mhariri hana uwezo wa kununua kitabu peke yake. Hukipeleka kwenye kikao ambako watu wa mauzo, wa fedha na wa matangazo huulizana watauza nakala ngapi. Vitabu vingi hufia hapo. Ofa ni pale mchapishaji anapotaja masharti: atalipa kiasi gani cha awali, mrabaha wa asilimia ngapi, anataka haki za lugha zipi na za nchi zipi, na kwa muda gani. Mkataba ni waraka mrefu unaofuata, ambamo masharti hayo huongezewa mengine mengi ambayo hayakutajwa katika ile barua tamu ya kwanza.

Je, umwandikie wakala katika hatua ya “nimevutiwa”? Inawezekana, mradi useme ukweli uleule: kwamba mhariri fulani wa kampuni fulani anausoma mswada, au amesema anaupeleka kikaoni. Taarifa hiyo ina uzito, lakini si uzito wa ofa. Wapo waandishi wanaoikuza, wakadai wana ofa ilhali wana pongezi tu. Ni kosa la kujichimbia shimo. Ulimwengu wa uchapishaji ni mdogo, mawakala na wahariri hupigiana simu kila siku, na swali la kwanza la wakala litakuwa “ofa ni ya nani?”

Ofa halisi ikishafika, jambo la kwanza ni kumjibu mchapishaji kwa adabu, siku hiyohiyo au ya pili yake. Mshukuru, mwambie umefurahi, mwambie unahitaji wiki mbili za kutafuta ushauri kabla ya kutoa jibu. Mchapishaji wa kweli amezoea ombi hilo na halimkasirishi. Anayekujibu kwamba ofa inakufa kesho saa sita mchana amekueleza habari zake mwenyewe bila kukusudia. Usitie katika barua hiyo maneno kama “nakubali kimsingi” au “masharti yako hayana tatizo”. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe wa maandishi, na wengi hudhani hapo wamekingwa mpaka siku ya kutia sahihi. Lakini barua pepe nayo ni maandishi.

Kisha waandikie mawakala. Kichwa cha barua kitaje wazi kwamba kuna ofa ya uchapishaji, kwa sababu wakala anayepokea maombi kwa mamia hufungua hiyo kwanza. Ndani yake eleza kitabu kwa aya moja, jieleze kwa aya moja, taja kampuni na mhariri aliyetoa ofa, taja tarehe unayotakiwa kujibu, na ambatisha mswada wote badala ya zile sura tatu za kawaida. Ikiwa kuna wachapishaji au mawakala wengine ambao tayari wanao mswada huo, waandikie nao, uwaambie kuna ofa na hadi lini. Watu waliokaa kimya kwa miezi mitatu huweza kujibu ndani ya siku tatu. Inaudhi kidogo, lakini ndivyo soko lilivyo.

Chagua mawakala watano au sita ambao wamewahi kuuza vitabu vinavyokaribiana na chako. Njia rahisi ya kuwapata ni ukurasa wa shukrani mwishoni mwa vitabu. Waandishi wengi humtaja wakala wao hapo kwa jina. Anayeandika juu ya Juba atazame vitabu vya Waganda, Wakenya na Wasudani vilivyochapishwa nje katika miaka kumi iliyopita, aone nani aliviuza.

Kuna jambo mawakala hawalitangazi sana. Ofa ikiwa ndogo, kwa mfano ya chuo kikuu au ya kampuni ya watu wawili isiyotoa malipo ya awali, wengi watakushukuru na kukataa, kwa kuwa 15% ya sifuri ni sifuri. Hilo halina maana kwamba kitabu ni kibaya, wala kwamba ofa ni mbaya. Tena wakala akikubali, huenda akataka kukipeleka kitabu kwa wachapishaji wakubwa kwanza, na yule mdogo aliyekuona mapema akachoka kusubiri. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, mwandishi ajiulize kama anamtaka mchapishaji huyu kwa dhati. Ikiwa ndiyo, pengine anachohitaji ni mtu wa kuusoma mkataba tu, na huyo hupatikana kwa njia nyingine. Chama cha waandishi cha Uingereza, Society of Authors, humpokea hata mtu ambaye bado hajachapisha lakini ana ofa ya mkataba, na huusoma mkataba wake kifungu kwa kifungu. Authors Guild ya Marekani ina huduma kama hiyo. Ada ya uanachama ni ya mara moja kwa mwaka. Kamisheni ya wakala hudumu maisha yote ya mkataba.

Haki zinazokatwa vipandevipande

Wengi hudhani kitabu huuzwa kama mbuzi, mzima na kamba yake. Haki za kitabu hukatwa vipandevipande, na hapo ndipo wakala mzuri hulipia gharama yake. Riwaya ya “Kintu” ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda ni mfano ulio jirani. Mswada wake ulishinda shindano la Kwani Trust ya Nairobi, ambayo ikauchapisha mwaka 2014. Mwaka 2017 Transit Books ikautoa Marekani, na mwaka 2018 Oneworld ikautoa Uingereza. Kitabu kimoja, wachapishaji watatu, kila mmoja na eneo lake. Hayo huwezekana pale mkataba wa kwanza usipomeza dunia nzima.

Kwa mwandishi wa Sherikat anayeandika kwa Kiingereza, kifungu cha lugha kina uzito wa pekee. Mkataba unaosema “haki zote, lugha zote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki” unachukua pia Kiswahili, Kiarabu, Kidinka na Kibari, lugha ambazo mchapishaji wa London huenda asizifikirie kamwe. Haki hizo zikibaki mkononi mwa mwandishi, kuna siku zitahitajika. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, “Paradise”, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, “Peponi”, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022, baada ya Nobeli ya 2021. Vilevile ulizia kifungu cha kurejeshewa haki: kitabu kisipopatikana tena madukani, haki zirudi kwako baada ya muda gani? Na tazama kifungu cha kitabu kijacho, kinachompa mchapishaji nafasi ya kwanza juu ya kazi ambayo hata hujaianza.

Ofa zisizo ofa

Katika biashara hii fedha hutiririka kumwelekea mwandishi. Anayekuomba ulipe ili akusome, ulipe ili akuhariri kabla ya kukuwakilisha, au ununue nakala mia tano za kitabu chako mwenyewe, anauza huduma. Kuna huduma halali za kuchapa kwa gharama ya mwandishi, na wako wanaozitaka kwa hiari. Tatizo ni kuziita ofa. Chama cha mawakala cha Uingereza, Association of Authors’ Agents, hakiruhusu wanachama wake kutoza ada ya kusoma miswada, na cha Marekani kina msimamo huohuo.

Udanganyifu umekuwa wa hali ya juu. Mnamo Januari 2022 polisi wa upelelezi wa Marekani walimkamata mjini New York Filippo Bernardini, Mwitaliano aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni kubwa ya uchapishaji mjini London. Mwaka uliofuata alikiri kosa. Kwa miaka kadhaa alijifanya mawakala na wahariri wanaojulikana, akatumia anwani za barua pepe zilizobadilishwa herufi moja au mbili, kama vile kuweka “rn” mahali pa “m”, na akapata miswada zaidi ya elfu moja ambayo haikuwa imechapishwa. Waliodanganyika hawakuwa wageni wa mjini. Wengine walikuwa waandishi mashuhuri na watu wa ndani ya tasnia. Mwanzoni mwa 2025 waendesha mashtaka wa California nao walitangaza kesi nyingine, wakidai kwamba kampuni iliyojiita ya uchapishaji ilijipatia dola milioni 44 kutoka kwa waandishi zaidi ya 800, wengi wao wazee, kwa kuwaahidi mawakala, wachapishaji wakubwa na hata filamu, kisha kuwatoza ada moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo ofa ikifika, usijibu kwa kubofya “jibu” pekee. Fungua tovuti ya kampuni mwenyewe, tafuta jina la mhariri, andika kwa anwani iliyo hapo ukiuliza kama barua ile ni yake. Kazi hiyo inatumia bando kidogo sana.

Na mswada wa Kiswahili?

Kwa anayeandika riwaya au diwani kwa Kiswahili, jibu la uaminifu ni kwamba wakala wa London si hatua yake ya kwanza. Mchapishaji wa Kiswahili yuko Dar es Salaam au Nairobi, na mlango wake uko wazi bila wakala. Ofa zake kwa kawaida ni za mrabaha, bila malipo ya awali au kwa malipo madogo. Anachohitaji mwandishi hapo ni msomaji wa mkataba: wakili anayeijua sheria ya hakimiliki, au mwandishi aliyetangulia na kampuni hiyohiyo ambaye atamweleza kama taarifa za mauzo huja kila mwaka au huja zikikumbukwa.

Badala ya wakala, kwa Kiswahili yako mashindano. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo baadaye ilichukua jina la Safal-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na baadhi ya iliyoshinda imetolewa na Mkuki na Nyota. Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Kwa walio karibu na Kampala, African Writers Trust, iliyoanzishwa na Goretti Kyomuhendo mwaka 2009, imekuwa ikiwakutanisha waandishi na watu wa uchapishaji.

Wakala huingia katika maisha ya kitabu cha Kiswahili baadaye, pale mfasiri anapojitokeza. Hiyo ndiyo hatua ambayo wenye kitabu hushtukizwa nayo. Mlango huo ulichelewa sana kufunguka: “Rosa Mistika” ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Jay Boss Rubin, ikachapishwa na Yale University Press mwaka 2025, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Hivi sasa dalili za mabadiliko zipo. Mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili zilizotafsiriwa, “No Edges”, ulitolewa Marekani na Two Lines Press mwaka 2023. Mfasiri akikuandikia kwamba anataka kazi yako na kwamba amepata mchapishaji, wewe au mchapishaji wako wa Kiswahili ndiye mwenye haki hiyo, kutegemea ulichotia sahihi mwanzoni. Ukiwa nayo wewe, mwanya ule wa wiki mbili umefunguka tena, na barua kwa wakala ina maana.

Fedha zenyewe

Malipo ya awali hayaji kwa mkupuo. Hugawanywa mara tatu au nne: sahihi inapotiwa, mswada wa mwisho unapokubaliwa, na kitabu kinapotoka. Hupitia akaunti ya wakala, naye hukata kamisheni yake na kutuma kilichobaki. Fedha zinazotoka Marekani hukatwa pia kodi ya 30% kwa mwandishi asiye mkazi ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani, na Sudan Kusini haina. Kuna fomu iitwayo W-8BEN ya kujaza kabla ya malipo ya kwanza. Wakala huituma, na asiye na wakala huiomba kwa mchapishaji.

Jambo dogo ambalo hukwamisha watu wengi ni jina. Kwetu mtu anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina lake, la baba na la babu, na kila hati ikayapanga kivyake. Jina litakaloandikwa kwenye mkataba liwe lilelile lililo kwenye pasipoti na kwenye akaunti ya benki, kwa mpangilio uleule na herufi zilezile. Jina la kalamu litakaa kwenye jalada.